Pikipiki ya Baba Elia

Usiku ule nililala na hasira, mikono yangu ikinuka petroli. Nilikuwa nimeisugua kwa sabuni ya mche, nikairudia kwa majivu, na bado harufu iling'ang'ania kwenye kucha. Nje mvua ya Rungwe ilikuwa inanyesha kwa mtindo wake, mvua isiyo na haraka, ya kunyesha tu mpaka watu wazoee. Kwa haki ningelala na furaha. Mchana wa siku hiyo pikipiki ya baba ilikuwa imewaka kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Lakini jioni nilipigiwa simu, na furaha ikaishia hapo.

Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka vijiji vyetu vya milimani juu ya pikipiki nyekundu, akikagua mibuni ya watu na kuwaambia majani yale yanaumwa nini. Wakulima waliijua sauti ya pikipiki kabla haijatokea kwenye kona. Waliokuwa wameuza mbolea ya ruzuku waliingia ndani na kufunga milango. Alipostaafu aliachiwa ile pikipiki, na ikawa yake mpaka mwisho. Watu wote walimwita Baba Elia.

Mimi, binti, ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Elia alinifuata. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini miaka yote kabla Elia hajaja baba aliitwa Bwana Shamba tu, na siku Elia alipozaliwa akawa Baba Elia, basi. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo walimkalisha Elia kwenye kiti cha baba, wakamvika koti la baba la mvua, wakamkabidhi pikipiki mbele ya watu. Elia alilia, akashukuru, akapanda basi kurudi Dar es Salaam, ambako ana baa ya nyama choma na gari lenye kiyoyozi. Koti alikwenda nalo. Pikipiki aliiacha palepale ilipokuwa imeegemea, kwenye banda la nyuma ya nyumba, na kuku wakaona hapo ni mahali pazuri pa kutagia.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilifukuza kuku, nikazoa kinyesi, nikatandika magunia chini, banda likawa gereji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa kijijini. Nikitoka darasani nilikuwa navua viatu vya kazi, navaa ovaroli kuukuu, naingia bandani mpaka giza linaponifukuza. Nilipofungua kabureta nilikuta manyigu wamejenga ndani. Tanki lilikuwa limeliwa na kutu, nikatia kokoto na petroli, nikalitikisa mpaka mabega yakakataa. Plagi, kebo za breki, ringi za pistoni, nilivitafuta kimoja kimoja kule Tukuyu, kwa mafundi walioniuliza kila mara bosi wangu ni nani. Klachi niliifunga kinyume, nikaifungua, nikaifunga tena kinyume. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu.

Mama alikuwa anakuja kusimama mlangoni mwa banda, kanga begani.

"Mwanangu, hiyo si ya kaka yako?"

"Ni ya kaka yangu, mama."

"Sasa?"

"Sasa kaka yangu hajui hata petroli inaingilia wapi."

Mama alicheka, kisha akajuta kucheka, akarudi jikoni.

Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta, maana siwapendi watu wanaojifanya hawakutaka kitu. Nilitaka ndaga ya baba. Ndaga kwetu ni asante, na baba alikuwa mgumu nayo. Mkulima aliyemletea mkungu wa ndizi aliipata. Elia aliipata kwa kushika tochi tu, tena akiimulika ukutani. Mimi sikumbuki kuipata hata siku moja. Nilijua fika kwamba maiti hashukuru. Ila nyumbani kwetu tunaamini marehemu humtembelea yule anayeshika kitu chake, na mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Umelalaje?" kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu kingine. Yeye hakuwa amemwota baba tangu mazishi, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Mchana ule, basi, nilipiga kiki mpaka goti likaniuma. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Mama alikuja mbio akidhani banda linaungua. Alipoona ni nini alisimama, mkono kifuani. Sauti ilikuwa ileile. Tuliisikiliza wote wawili mpaka nikaizima.

Jioni mama akampa Elia habari kwenye simu, kwa furaha yake tu, kisha akaniletea simu.

"Dada, wewe kiboko!" Elia alisema. Nyuma yake muziki wa baa ulikuwa unapiga. "Sasa sikia. Pasaka nakuja, naipakia kwenye lori la ndizi. Naiweka pale mlangoni mwa baa, maua huku na huku. Watu wa huku wanapenda vitu vya kale. Watapiga picha hao!"

"Utaiweka mlangoni."

"Kumbukumbu ya mzee, dada. Si wazee walinikabidhi mimi?"

Nikamwambia usiku mwema. Nikaenda kunawa mikono, na ndivyo nilivyolala.

Nilikuwa bandani. Ilikuwa mchana, na mwanga ulikuwa ule unaokuja mvua ikishakatika, kila kitu kimeoshwa. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, mgongo wake kwangu. Hakuwa mgonjwa, wala mzee, wala kijana. Alikuwa amevaa koti lake, lile lililoko Dar es Salaam, na mimi sikushangaa limerudije. Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba si adabu kumkumbusha.

Hakunisalimu. Alipitisha kidole juu ya tanki, akakitazama, akakinusa. Anagonga rimu kwa ukucha, anategea sikio. Anazungusha gurudumu la mbele, analiacha lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Nimesimama nyuma yake na spana mkononi, moyo unanienda mbio kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Natafuta pa kusimama ili nimwone uso, na kila nikihama, naye anahama, taratibu, bila kunikwepa, kwa sababu kazi imempeleka upande mwingine.

Kisha banda limejaa watu. Ni wazee wa ukoo, wameketi kwenye mabenchi ya kanisani, na harufu ya ndizi zinazopikwa kwenye masufuria makubwa imetanda kila mahali. Ni siku ya kumaliza msiba. Elia yuko kwenye kiti, na baba mwenyewe amesimama mbele yake, anamfunga vifungo vya koti. Anavifunga bila haraka, kuanzia chini kwenda juu. Msiba ni wake na hana wasiwasi wowote. Nataka kusema, baba, koti hilo linamzidi, hebu tazama mikono ilivyomfunika vidole. Lakini nimebeba sinia, na aliyebeba sinia hasemi mbele ya wazee. Natazama chini nione nimewaletea nini. Kwenye sinia kuna plagi, kebo na ringi za pistoni, vimepangwa vizuri kama maandazi. Wazee wanachukua kimoja kimoja, wanatia mdomoni, wanatafuna.

Namtazama baba nione kama ameona. Anashughulika na kifungo cha juu.

"Panda," akasema.

Wazee hawapo. Koti liko mwilini mwake tena. Tuko barabarani, ameketi juu ya pikipiki, injini inanguruma, na amesogea mbele kidogo kumwachia mtu nafasi. Maishani mwake hakuwahi kunipakia. Pikipiki ya serikali haibebi wasichana, ndivyo alivyokuwa akisema, na huku Elia amekaa juu ya tanki kama mfalme. Nikapanda. Nikamshika kiunoni, naye akaondoa.

Tunapita kwenye mashamba ya chai, kijani huku, kijani huku, na maji bado yanadondoka majanini. Wachumaji wananyoosha migongo kututazama. Injini inaimba chini yangu, na naijua yote. Najua boliti ipi iko wapi na ipi ilinichubua kidole. Upepo wa baridi unanitoa machozi. Nimelaza shavu kwenye koti, linanuka ugoro na dawa ya kahawa na mvua za zamani. Nasema bila aibu kwamba nilikuwa na furaha, na kwamba nikiwa macho sijawahi kuipata furaha ya namna ile.

Kwenye kona kali baba akageuza kichwa kidogo, akapaza sauti kuushinda upepo.

"Elia! Shika vizuri!"

Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwapo, pumzi ilikuwapo. Nikafikiri, nikisema, atasimama, na akisimama nitashushwa, na sitapandishwa tena. Nikashika vizuri. Nikawa Elia kwenye ile kona, nikawa Elia kwenye mteremko wote, nikawa Elia darajani. Mkulima mmoja aliyekuwa anapogoa mibuni yake akatupungia mkono na kupiga kelele, "Baba Elia, leo umempakia kijana!" na mimi, Mungu anisamehe, nikampungia.

Juu kabisa, pale ambapo barabara inapumzika kabla ya kushuka upande wa pili, baba anasimama. Hazimi injini. Anashuka, nami nashuka. Chini yetu bonde limejaa ukungu. Anainama, anaweka kiganja juu ya tanki kama anavyowekewa mtoto mwenye homa, anasikiliza. Anasikiliza kwa muda mrefu. Halafu nauona uso wake kwa mara ya kwanza, wa upande, na unatabasamu.

"Imetulia," anasema.

Kisha, macho yakiwa bado kwenye injini, anasema, "Ndaga, Elia."

Hiyo hapo. Nimeingojea tangu nikiwa kibogoyo wa meno ya utotoni, na imekuja, kwa sauti yake mwenyewe, na jina la mtu mwingine juu yake. Hasira inanipanda kutoka magotini. Sikujali tena kushushwa, maana nilikuwa nimeshashuka.

"Baba," nasema, na sauti inatoka kavu, ile ya darasani. "Ni mimi. Ni Sekela. Nimeitengeneza mimi."

Ananigeukia. Ananitazama, lakini si kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningevumilia. Ananitazama kwa upole, kama mtu aliyekutana na mtoto wake sokoni bila kutazamia, na papo hapo uso wake unaingia wasiwasi.

"Sekela," anasema. "Sasa nani amebaki na mama yako?"

Ndoto nzima nilikuwa na mambo ya kumwambia, ya klachi, ya manyigu, ya kokoto, na yote yamepotea. Anapanda pikipiki yake. Namshika mkono wa koti, namshika kwa nguvu zangu zote, na nasikia kitambaa kabisa, kizito, kimelowa. Hanisukumi. Anasubiri nimwachie, kwa adabu.

"Mwambie Elia," anasema, "cheni imekazwa mno. Itakatika mlimani."

Koti likatoka mkononi mwangu. Akateremka upande wa pili, akaingia kwenye ukungu, na niliendelea kuisikia sauti muda mrefu baada ya kuacha kumwona. Niliposhtuka kitandani bado nilikuwa naisikia. Ilikuwa mvua juu ya bati.

Kumekucha. Nikalala pale nikitazama dari, ngumi imekaza shuka. Nimetembelewa na baba yangu na kupewa ujumbe, kama ambavyo watu huomba kutembelewa, na ujumbe wenyewe haukuwa wangu. Nilikuwa tarishi tu.

Nyumbani kwetu ndoto ya marehemu husimuliwa asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, na husimuliwa yote. Ukipunguza, umemkatiza marehemu kauli. Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni. Mama alikuwa ameinama anapuliza moto.

"Umelalaje?"

"Amekuja."

Akaacha kupuliza. Akavuta kigoda, akaketi, akaweka mikono mapajani. Nikamsimulia. Nilimwambia habari ya wazee na sinia, ya koti, ya safari, na kwamba niliitwa Elia nikaitika. Nilipofika pale juu mlimani nilitamani kuruka. Sikuruka.

"Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza, nani amebaki na mama yako."

"Ameuliza hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Kwa kugomba?"

"Hapana, mama. Kwa upole. Alikuwa na wasiwasi."

Mama akafunika uso kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua analia, kumbe anacheka pia, vyote kwa pamoja. "Ameniulizia," akasema ndani ya kanga. "Jamani, mzee wa watu. Ameniulizia." Alilirudia neno hilo mpaka moto ukazimika, na hakuona. Maneno yaliyonichoma mimi ndiyo yaliyompa yeye raha aliyoitafuta tangu mazishi. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi, pale kwenye mafiga, na sikuwa na haki ya kumpunguzia hata kidogo.

Alipojifuta akaniambia, "Na ujumbe wa kaka yako mfikishie. Usikae nao."

Nikampigia Elia. Aliitika kwa sauti ya mtu aliyefunga baa alfajiri.

"Baba amekuja," nikamwambia. "Ameniagiza kwako. Anasema cheni imekazwa mno, itakatika mlimani."

Akapiga miayo.

"Mlima gani tena, dada? Si itasimama tu pale mlangoni?"

Hakusema kwa ubaya. Elia hana ubaya hata chembe, na hilo ndilo linalonichosha kwake. Lakini nilisikia kitu ndani yangu kikikaa sawa, bila kelele.

"Basi haiji," nikasema.

"Haiji wapi?"

"Huko. Haitoki hapa."

"Dada, wazee walinipa mimi."

"Walikupa, nilikuwepo. Na baba salamu kakutumia wewe, nimezifikisha. Haitoki, Elia." Nikakata simu kabla usingizi haujamtoka akanijibu vizuri.

Nikaenda bandani na kanga yangu vilevile. Nikapiga magoti kwenye magunia, nikabonyeza cheni kwa kidole. Haikulegea hata kidogo. Ilikuwa imevutwa mpaka basi, na fundi yeyote angekwambia cheni lazima iachiwe kucheza kidogo, la sivyo ikipata mzigo wa kupanda inakatika. Baba alikuwa amesema kweli. Niliyeikaza namna ile ni mimi, juzi, kwa hasira za kutaka imalizike. Kwa hiyo aliiona kazi yangu. Aliiona boliti kwa boliti mpaka akaliona kosa lake, na mwenye kazi hakumwona. Nililia hapo, chini, karibu na gurudumu, machozi ya hasira, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshaingia grisi.

Kisha nikachukua spana. Nikalegeza nati ya gurudumu la nyuma, nikalisukuma mbele kidogo, nikabonyeza, nikasukuma tena.

"Sekela!" Mama aliita kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa imepata ujana. "Chai imeiva, njoo huku!"

Nikatazama njia ya jikoni. Nikaitazama spana mkononi.

"Niletee hapa, mama," nikaitikia. "Niko kazini."

Kukawa kimya, kimya cha kutosha mtu kukataa. Halafu nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, na kandambili zake kwenye tope, zikija bandani.